Kiziwi wa Pili

Ukitaka kumuudhi Phares Ondiek, mwite bubu. Bubu ni mtu asiye na sauti, na Ondiek sauti anayo, tena nene, ila ameiweka akiba kwa mambo mawili tu: timu yake inapofungwa bao la kizembe, na nyundo inapokosa bati ikapata kidole. Kilichomtoka ni masikio. Yalimtoka akiwa na miaka minne, homa ya uti wa mgongo ilipopita kwenye zile nyumba za kaunsili za Shauri Moyo. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alimzungusha makanisani miaka miwili mizima. Wachungaji walimtia vidole masikioni na kumpigia kelele, "Funguka!", kana kwamba shida ilikuwa ni kwamba watu hawajapaza sauti vya kutosha. Mwishowe mama yake alichoka na miujiza iliyochelewa, akampeleka shule ya viziwi huko magharibi, na Ondiek akapata kitu alichokuwa amekikosa kuliko masikio. Alipata watu wa kupiga nao domo.

Leo ana miaka arobaini na mmoja, mke anayeitwa Phelister, watoto watatu, na miaka kumi na minne katika karakana ya Wanyoike kule Baba Dogo, Nairobi, wanakotengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mtu ambaye hajaingia karakana ile katika wiki za kabla ya shule kufunguliwa hajui maana ya kelele. Kuna nyundo kumi na mbili juu ya bati, mashine ya kukatia, na kompresa ya rangi ambayo hulia hata ikiwa imezimwa. Kabla ya Ondiek kuja, wafanyakazi walikuwa wakiitana kwa kupiga mayowe, na kufikia Jumatano hakuna aliyebaki na koo.

Wanyoike alimwajiri kwa sababu moja, na aliitamka waziwazi mbele ya watu: "Huyu angalau hatapiga domo kazini."

Alikosea vibaya sana. Mwaka haukuisha kabla Ondiek hajawafundisha wote kusema kwa mikono, na domo likaongezeka mara tatu, maana sasa mtu aliweza kumsengenya mwajiri akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Ndipo pia walipopata majina. Viziwi hawahangaiki kulitaja jina lako herufi kwa herufi. Wanakutazama, wanaona una nini, na wanakupa alama moja ya mkono, nawe hushauriwi. Teresiah, anayepaka rangi, ni kidole kwenye pengo la meno. Austine, aliyekuja juzijuzi na ana maneno mengi kuliko redio, ni mdomo wa bata usiofungwa. Mzee Makokha, msimamizi wao, ni ugoro unaopelekwa puani. Na Wanyoike mwenyewe ni mikono miwili inayovuta suruali juu, kwa sababu suruali yake na tumbo lake vina kesi ya mpaka isiyoamuliwa hadi leo. Kwa miaka yote hiyo Wanyoike aliwaona watu wake wakivutavuta viuno, na aliwahi kumuuliza Teresiah kwa huruma kama kazi ya kuinama inawaumiza mgongo.

Sasa, karakanani mle mlikuwa na siri moja, na aliyeijua ni Ondiek na mwenye siri. Miaka sita nyuma, rundo la bati liliporomoka nyuma ya mzee Makokha. Watu wote waliruka. Hata Ondiek aliruka, maana alilisikia kwa nyayo. Lakini Makokha aligeuka baadaye kidogo, baada ya kumwona Ondiek akiruka. Ondiek alikuwa amegeuka namna hiyo maisha yake yote, kwa hiyo hakuhitaji daktari. Wakati wa chai alimsogelea mzee akamuuliza kwa mikono: tangu lini?

Makokha aliweka kikombe chini ili apate mikono ya kujibia. Nyundo za miaka thelathini na mitano zilikuwa zimemla masikio polepole, na kufikia Pasaka ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kabisa. "Usiseme," aliomba, kwa mikono ileile aliyofundishwa na Ondiek. "Nina watoto wawili chuoni. Mdosi akijua, naondoka leo."

Ondiek hakusema. Badala yake alibuni njia. Kila Wanyoike alipokuja kutoa amri, Ondiek alijisogeza pembeni mahali anapouona mdomo wake, akausoma, na mikono yake ikampelekea mzee habari chinichini, usawa wa kiuno. Kuusoma mdomo wa Wanyoike hakuhitaji elimu kubwa, kwani maneno yake ni yaleyale: haraka, bati ni ghali, nani ameacha mlango wazi. Simu zilipolia, Makokha alimrushia Teresiah: "Ongea wewe, mikono yangu ina grisi." Ilikuwa na grisi miaka sita mfululizo. Na kazi ilikwenda. Hakuna sanduku lililorudishwa na mteja.

Basi mwaka huu Makokha alitimiza miaka sitini, akatangaza kwamba mwisho wa mwezi anarudi kwake Bungoma kupumzika. Ondiek aliitaka nafasi ile. Tuseme wazi: aliitaka kama anavyoitaka mtu ambaye tayari ameifanya kazi hiyo miaka sita bila jina lake. Alijua kukunja, kukata, kuchomelea na kupaka rangi, na watu walimsikiliza, hata Austine, ambaye hamsikilizi mtu. Akaenda ofisini. Yeye na Wanyoike huandikiana kwa chaki kwenye kipande cha bati, na siku hiyo Ondiek aliandika kwa herufi kubwa: NATAKA KAZI YA MAKOKHA.

Wanyoike alisoma, akacheka kwa upole, kicheko kile cha kumwambia mtoto kwamba hawezi kuendesha lori. Akaandika chini yake: MSIMAMIZI LAZIMA ASIKIE. ATAKUWA AUSTINE.

Austine! Kijana wa miaka miwili kazini, ambaye kona ya sanduku ikimshinda huipiga teke. Ondiek alikuwa bado na chaki mkononi. Palikuwa na nafasi ya kutosha kwenye lile bati kuandika maneno matatu, kwamba Makokha hasikii chochote, na hoja ya Wanyoike ingekufa palepale. Hakuandika. Alifuta bati kwa mkono wa shati, akarudi kwenye meza yake, na alasiri nzima alipiga nyundo kwa hasira hadi Teresiah akaja kumnyang'anya. Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu Wanyoike hakuwa na ubaya, alikuwa tu na uhakika.

Nyumbani Phelister alimkasirikia. Phelister anasikia vizuri na husema kwa mikono kwa fujo, akiwa na mwiko au bila mwiko. "Sema! Mzee anaondoka wiki tatu zijazo. Atapungukiwa na nini?"

"Ataondoka kama mtu aliyewadanganya watu," Ondiek alijibu.

"Kwani hakuwadanganya?"

Ondiek alivuta sahani, akaanza kula ugali.

Wiki hiyohiyo ndipo Wanyoike alipopata habari za wageni. Kulikuwa na shirika fulani lililokuwa likitoa cheti kwa waajiri wasiobagua, na penye cheti palikuwa pia na oda ya masanduku elfu moja ya wanafunzi. Katika fomu palikuwa na swali: una wafanyakazi wangapi wenye ulemavu? Wanyoike alikuna kichwa, kisha akamkumbuka Ondiek kwa mapenzi makubwa ambayo hayakuwa yameonekana kwa miaka kumi na minne. Alimnunulia ovaroli mpya ya samawati, yeye peke yake. Alimwamuru Teresiah aandike ukutani kwa rangi nyekundu: TOFAUTI ZETU NDIZO NGUVU ZETU. Na kwa kuwa aliona kiziwi mmoja ni mchache, alimwambia Austine awaeleze wageni kwamba yeye hutumia mkono wa kushoto.

"Lakini mimi ni wa kulia, mdosi," Austine alilalamika.

"Siku moja tu. Utakufa?"

Wageni walifika Alhamisi asubuhi. Mkubwa wao alikuwa Bi Awuor, mama mwenye daftari na macho yasiyopitwa na kitu. Alikuja na binti wa Donholm anayeitwa Jacky, mkalimani, ambaye wazazi wake wote wawili ni viziwi. Jacky alimsalimu Ondiek kwa mikono myepesi, safi, na Ondiek akajikuta anatabasamu kama mjinga, kwa maana hajazoea kusemeshwa lugha yake vizuri mchana kweupe na mtu asiyemjua. Jacky akamweleza kazi yake: "Mimi leo ni mdomo wako. Chochote mikono yako itakachosema, nitakitoa kwa sauti ili wote wasikie. Sichagui, sipunguzi, siongezi." Ondiek aliitikia kwa kichwa. Tangu alipoacha shule hakuwa amepata mkalimani hata mara moja, na maneno yale yalimpita namna masharti ya laini ya simu yanavyompita kila mtu.

Wanyoike akaagiza mashine zote zizimwe. Watu walishtuka. Kimya kile hawakukizoea, wakaendelea kusemezana kwa kupiga kelele, Austine akinong'ona kwa sauti ya kuuzia samaki. Aliyepata shida zaidi ni mzee Makokha. Katika kelele kila mtu ana ruhusa ya kutosikia. Kwenye kimya ruhusa hiyo huisha. Alisimama karibu na meza ya mandazi, tabasamu lake la kila siku limekaa mahali pake, macho yake yakimtafuta Ondiek.

Wanyoike alihutubia. Alisema kwamba kwake haangalii kabila, wala dini, wala maumbile, na kwamba amelala bila usingizi mara nyingi akiwaza ujumuishaji. Austine alionyesha mkono wake wa kushoto, na akaudondosha msumari aliokuwa ameushika. Bi Awuor alimtazama kidogo, hakuandika kitu. Kisha akauliza, Jacky akifasiri kwa mikono upande wa Ondiek, mgongo wake ukimficha mzee asione: "Huyu Bwana Ondiek amekaa hapa miaka kumi na minne. Anaweza kupanda cheo?"

"Angekuwa msimamizi hata kesho," Wanyoike alisema, akiweka mikono yote miwili kwenye mkanda wake. "Lakini ile ni kazi ya masikio, mama. Muulize Makokha mwenyewe."

Bi Awuor akamgeukia mzee. "Mzee Makokha, kazi yako mtu asiyesikia anaweza kuifanya?"

Makokha alitabasamu. Alijua ameulizwa kitu, kwa sababu nyuso zote zilikuwa zimemgeukia. Akaitafuta mikono ya Ondiek, na mikono ya Ondiek ilikuwa ndani ya mifuko ya ovaroli mpya.

Hapo ndipo penyewe. Ondiek hakuhitaji kusema lolote, wala kumshtaki mtu. Alichohitaji ni kusimama tu vilevile, mikono mfukoni, na karakana nzima ingejionea msimamizi wa kusikia akiwa hasikii. Phelister angempikia kuku. Pumzi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Bi Awuor alirudia swali. Jasho lilimtoka mzee juu ya mdomo, tabasamu likaanza kutetemeka kwenye kona. Ondiek aliijua hali ile, ya kutazamwa na watu wanaosubiri jibu la swali ambalo hukulipata, huku ukichagua kati ya ndiyo na hapana kwa bahati nasibu. Aliijua tangu akiwa na miaka minne. Hakumtakia hata adui yake.

Akatoa mikono. Haraka, chinichini, usawa wa kiuno, kama alivyofanya miaka sita: "Mzee, huyu mama anauliza kama kiziwi anaweza kufanya kazi yako. Jibu upesi. Sema lolote, hata ukisema hapana sawa tu, mradi yule Mvuta Suruali asijue kwamba husikii."

Na kando yake, kwa sauti tamu ya mtu aliyeimba kwaya, bila kuchagua, bila kupunguza wala kuongeza, Jacky akayasema yote.

Ondiek hakusikia, bila shaka. Aliona. Aliona mdomo wa Austine umefunguka na, kwa mara ya kwanza, hakuna kinachotoka. Aliona Teresiah akifunika pengo lake kwa kiganja. Aliona Wanyoike akiitazama mikono yake mwenyewe iliyoshika suruali, kisha akiiachia taratibu. Ndipo akageuka, akaona midomo ya Jacky ikifumba, na masharti yote ya asubuhi yakamrudia kwa pamoja. 

Mtu mmoja tu hakuwa na habari. Mzee Makokha, aliyefurahi kwamba swali limemfikia, alikohoa akajibu kwa kishindo: "Anaweza! Mbona asiweze? Kazi yenyewe haina cha kusikiliza. Mdosi husema yaleyale kila siku."

"Makokha," Wanyoike aliita. Mzee aliendelea kumtabasamia Bi Awuor. "Makokha!" Kompresa ilikuwa imezimwa, nyundo zimelala, na Wanyoike alikuwa amepaza sauti hata mbwa wa jirani akabweka. Mzee hakugeuka. Ilibidi aende akamguse bega. "Tangu lini?" aliuliza.

Makokha akamtazama Ondiek. Na Ondiek, aliyetamani ardhi ipasuke, ikambidi alifikishe na hilo: "Anauliza umekuwa kiziwi tangu lini." Jacky akalitamka nalo, kwa sababu ndiyo kazi yake, ingawa safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Mzee alielewa. Tabasamu liliondoka, na bila hilo tabasamu alionekana mtu mwingine, mchovu zaidi na mrefu zaidi. "Miaka sita," alisema. "Umeniagiza mambo maelfu, na yote nimefanya. Kuna sanduku lililorudi?"

 Hakuna lililorudi.

"Kwa hiyo," Bi Awuor alisema polepole, kalamu juu ya daftari, "msimamizi wenu ni kiziwi."

Wafanyabiashara wengine wangeaibika. Wanyoike alizaliwa sokoni, na aibu kwake ni bidhaa kama nyingine. Alitazama daftari, akatazama fomu, akafikiria masanduku elfu moja. "Ndiyo, mama," alisema kwa fahari. "Wako wawili. Andika wawili."

Bi Awuor aliandika. Halafu akauliza, bila kuinua kichwa, kwa nini basi wa pili asichukue nafasi ya wa kwanza. Wanyoike akamgeukia Austine kwa ukali: "Nani amesema hawezi?"

Hivyo ndivyo Ondiek alivyopata cheo alichokitaka, na hakikumpa raha. Wageni walipoondoka, nyundo zikarudi, na watu wakamjia mmoja mmoja kumpiga mabega. Mzee Makokha hakuja. Alikuwa ameketi nyuma ya masanduku yaliyokamilika, ugoro umesahaulika kiganjani. Ondiek alikaa karibu naye akamwomba msamaha. Alisema amesahau kwamba kuna mdomo wa kukodi chumbani.

"Hilo si kitu," Makokha alisema kwa mikono. "Lakini mwanzo mikono ilikuwa mfukoni. Niliona. Pumzi mbili nzima."

Ondiek alifikiria kudanganya, akaona hana nguvu. "Nilitaka kazi, mzee."

"Najua." Makokha akapumua. "Ingekuwa mimi, ningeiacha mfukoni."

Kisha mzee akasema jambo ambalo Ondiek hakulitegemea. Alisema hakumwogopa Wanyoike tena, siku nyingi sasa. Alichoogopa ni Bungoma. Karakanani watu kumi na watano walijua kuzungumza naye. Kule kwake, hakuna. Mke wake, ambaye humwona Krismasi tu, alikuwa hajui chochote. Mzee alimtumia ujumbe wa simu badala ya kumpigia, na akiwa nyumbani aliitikia hovyo au alikaa kimya, na mama wa watu aliamini kwamba mumewe amepata kiburi cha Nairobi. Alikuwa amewaambia majirani hivyo. Sasa mzee alikuwa anakwenda kukaa na mwanamke huyo hadi kufa, pasipo neno.

Ondiek alipiga hesabu ya siku zilizobaki. Zilikuwa kumi na saba. Amri yake ya kwanza kama msimamizi hakumwomba Wanyoike ruhusa: alimwagiza Teresiah ampigie simu mke wa Makokha, amweleze yote bila kupamba, na amwambie apande basi.

Mama alifika Jumatatu na kapu la ndizi, mnene, mkali, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakumsalimu mumewe. Alipita katikati ya nyundo zote zile bila kuziba masikio, akaketi kwenye sanduku mbele ya Ondiek, akaweka mikono yake mikubwa ya shamba magotini, tayari kufundishwa. Teresiah akasimama kati yao kufasiri. Ondiek alikuwa amejiandaa kuanza na chakula, maji, njoo, lala.

"Hayo baadaye," mama alisema. "Kwanza nionyesheni namna ya kusema: mjinga wewe, kwa nini hukuniambia?"

Ondiek alimwonyesha. Alimrudisha mara nne mpaka vidole vikakaa sawasawa. Mama akainuka, akamwendea mumewe penye rundo la bati, akamgusa bega, na akamwambia, polepole, kisha tena kwa kasi, kisha tena huku machozi yanamtiririka na mikono inakosea. Mzee Makokha aliitazama mikono ile hadi mwisho. Akajibu kwa mikono yake kwamba ni kweli, yeye ni mjinga.